Ngoja Posho Mill Izime

Imebaki kitu kama nusu saa jua izame. Tuko juu ya ploti ya floo nne huko Kayole, katikati ya kamba za nguo na matanki nyeusi za maji. Ile mwangaza imeingia, ile ya rangi ya chai ya maziwa yenye kila msee wa kamera huingoja siku mzima. Aktaa wawili wako kwa alama zao, tumezichora na choki. Kamera iko kwa tripodi, fokasi imekaa, betri imejaa. Na bado hatushuti. Tumenyamaza kama watu wameitwa kwa chifu.

Huko chini, kwa duka ya kona, posho mill inasaga mahindi ya mtu.

Manzi wetu wa sauti amedunga hedifoni, amefunga macho, kidole moja juu. "Bado," anasema. Mimi ndio dairekta. Pia mimi ndio prodyusa, dere, na msee wa kutumwa chapo. Nacheki jua, namcheki yeye, nacheki jua tena. Nairobi iko karibu na ikweta, so jua haishuki na madaha. Inaanguka tu kama shilingi kwa mtaro. Dakika chache na tutakuwa tunashuti giza.

"Si tushuti tu, hiyo kelele mtatoa kwa editi?" aktaa mmoja akauliza.

Manzi akafungua jicho moja. "Tutatoa na nini? Jembe?"

Posho mill ikazima. Kukatulia hadi unaskia maji ikidondoka kwa tanki. Nikabonyeza. Laini ya kwanza safi, ya pili safi, na kabla ya tatu sauti ya mathe fulani ikapanda kutoka floo ya pili, nzito, ya mtu amechoka kurudia: "Wee! Kuja uoge!"

Sasa aktaa wetu ni mtu mzima wa ndevu, na hapo alikuwa ameingia kabisa, yeye ni gaidi wa mtaa anatisha msee wa deni. Hakusimamisha kazi. Aligeuza tu kichwa, mabega zikaanguka, akajibu na kasauti ka mtoi wa nasari: "Nakuja, mum!"

Hiyo ikakaa. Kila msee alicheki hiyo skiti alikuja kunibongesha kuhusu kuoga. Ile mwangaza ya chai ya maziwa, yenye tuliipigania hadi nikapandwa na presha, sijaskia mtu hata mmoja akiitaja.

Niko kwa hii kazi ya vidio ndogo ndogo kitu miaka nane sasa. Skiti, ngoma za wasanii wa mtaa, harusi, ruracio, matanga, matangazo ya saluni na ya masee wa kuuza viti. Na kuna kitu hakuna mtu hukuchapia siku unanunua kamera: watu watasamehe picha mbaya, sauti mbaya hawasamehi. Picha ikiwa na giza, mtazamaji atasema hiyo ni staili. Ikitingika, atasema ni ile ya kisasa. Lakini sauti ikianza kupasuka, ama ikuje mbali kama msee anaongea akiwa ndani ya pipa, kidole inasukuma skrini na wewe umekwisha.

Si wa Eastlando tulipaswa kujua hii mapema, juu tulilelewa kwa kibanda ya video. Mabenchi za mbao, mapazia za gunia, tivi moja ndogo huko mbele imewekwa juu kama sanamu. CD imekwaruzwa hadi uso wa Jackie Chan unavunjika viboksi viboksi kama tailsi za choo. Na hakuna mtu alitoka. Juu kulikuwa na DJ Afro. Yeye alichukua hizo filamu za Hong Kong na za Marekani akaziongelea juu, kwa lugha yetu, na masifa zake na majina zake. Adui akawa msee wa mtaa jirani, stering akawa jamaa unamjua. Kwa kweli hatukuwa tunaona hiyo filamu. Tulikuwa tunaiskiza.

Waganda walienda mbele na hiyo kitu. Huko Wakaliga, Kampala, kuna jamaa anaitwa Isaac Nabwana, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza matofali. Akaanza kushuti filamu za fujo kwa ploti yake, na kompyuta za kujiungia mwenyewe na vipuri. Silaha ni za chuma ya kuokota. Damu ilikuwa inamwagwa kwa kondomu imefungwa kwa kifua ya aktaa, ikipasuka inaruka kabisa. Mwanzo walitumia damu ya ng'ombe, wasee wakaanza kugonjeka, wakahamia rangi ya chakula. Filamu yao yenye ilivuma dunia mzima, Who Killed Captain Alex?, ilitoka 2010, na bajeti inasemekana haikufika dola 200.

Sasa hii ndio pande yenye hunimaliza. Nabwana hakuwa na nafasi kwa kompyuta, so akafuta filamu orijino ndio apate pahali ya kuediti ingine. Yenye imebaki duniani ni ile VJ Emmie, msimulizi wao, ameongelea juu yake, akicheka, akitania, akipigia Uganda debe. Picha tupu ya Captain Alex haiko. Ilibaki ile iko na sauti ya mtu.

Na ukitaka ya karibu, kuna ngoma ya Lamba Lolo ya Ethic, vijana wa Umoja, 2018. Uliza mtu yeyote hiyo vidio ilikuwa na nini, atakuna kichwa. Halafu mwambie aimbe. Ama vidio za Elsa Majimbo za 2020, korona imefungia kila mtu kejani, yeye ako na simu, miwani tudogo na pakiti ya krispi. Hakuna lokesheni, hakuna taa. Ni ile kicheko na ile krispi inavunjika karibu na simu hadi unaskia chumvi.

Mimi nilijua haya yote kama mtazamaji. Kama msee wa kazi, ilibidi nichomeke kwanza.

Nilianza nikibebea buda mmoja wa harusi mifuko. Yeye ndiye alinifunza kukunja waya bila kuivunja, na kunyamaza mbele ya mama ya bibi harusi. Nikakusanya doo pole pole, nikaenda Luthuli, nikanunua Canon 600D ya mtumba. Ni kamera ya 2011, imetoboka mpira ya kushikia, lakini picha yake ilikuwa inanifanya nijiskie Hollywood. Lenzi ikaja baadaye, ile ya mm 50, ya kublari nyuma. Kila mtu nilimshuti nilimblaria nyuma. Hata shosho yangu akipika nilimblaria sufuria.

Hiyo kamera iko na tabia moja. Faili ikifika GB 4, inajizima. Kwa HD kamili hiyo ni kitu dakika 12. Haipigi kelele, haikuulizi. Inanyamaza tu, na wewe ukiwa unaangalia pahali pengine, unaendelea kusimama hapo nyuma yake kama mlinzi wa benki iliyohama.

Nikaitwa matanga, ushago, pande ya Murang'a. Kwa wenye hawajui, matanga ndio mkate wetu. Harusi zina msimu, lakini watu hawafi na msimu, na tangu 2020 familia zingine zinataka irushwe laivu, ndugu wa Marekani na Dubai waone. Shosho wa hiyo familia ndiye alikuwa ameenda. Watu wakaongea, kwaya ikaimba, halafu guka, bwana yake, akasimama. Mzee wa miaka mingi, na kofia mkononi. Nilikuwa nimeweka karekoda kadogo ka kuazima kwa meza ya maua, nikakasahau hapo. Kamera nikaiwasha, nikaona guka ameanza vizuri, nikageuka kupanga vile nitashuti jeneza likitoka.

Guka aliongea dakika kama 20. Mimi nilirudi kwa kamera nikapata taa nyekundu haiko.

Sitaki kuwadanganya vile nilijiskia. Usiku huo kejani nilifungua lapi nikaona mzee anaongea, anaongea, anafika mahali wamekutana na shosho kwa soko ya kabichi, na pap, kamera ndio hiyo imeenda. Nikalala na nguo. Asubuhi ndio nikakumbuka karekoda.

Yote ilikuwa ndani. Soko ya kabichi, bei ya kitambaa ya kwanza alimnunulia, vile walikosana juu ya ng'ombe. Pahali fulani mzee amenyamaza, ndefu, na kwa hiyo kunyamaza unaskia turubai ya hema ikipigwa na upepo, kuku, na mtu anapangusa pua. Halafu akakohoa akaendelea. Nikaweka juu yake picha za shosho zenye zilikuwa kwa kale kaprogramu ka mazishi. Zikaisha kabla mzee aishe. Sikuwa na kingine. Hizo dakika za mwisho nikaacha skrini nyeusi tupu, guka anaongea gizani. Nikapeleka hiyo kazi nikiwa nimeinamisha kichwa, nikawapunguzia bei hata kabla waniulize.

Kutoka hapo nikabadilisha vile natumia doo. Lenzi ya pili niliyokuwa nimeitamani ilingoja. Nikanunua rekoda yangu na maiki ya kubana kwa shati.

Mambo ya sauti si uchawi. Ya kwanza ni umbali. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomo. Ukiirudisha nyuma mara mbili, nguvu ya ile sauti inafika hapo inabaki robo, lakini ile nduthi ya nje haijapungua chochote. Ndio maana ile maiki imekaa juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa msee anaongea, ni pambo. Kama hauna maiki ya shati, weka simu ya pili kwa mfuko wa aktaa, irekodi yenyewe, halafu mwanzoni piga makofi moja mbele ya kamera. Kwa editi unatafuta pahali mikono imegusana, unatafuta ile mlima ya kofi kwa sauti, unavipanga pamoja, maisha inaendelea.

Upepo nayo ni adui. Ile manyoya ya kufunika maiki wanauza bei ya kukasirisha. Mimi nilienda Gikosh, nikanunua dubu ya mtumba ya watoto, nikaichinja. Ngozi ya mgongo ikatosha maiki mbili. Mtoi wa sistee yangu aliniona nikiichuna na hajawahi niamini tena.

Kabla ya kuondoka lokesheni yoyote, tunasimama wote kimya tunarekodi dakika moja ya hiyo pahali ikiwa haina maneno. Wasee wapya hucheka hii. Lakini kimya ya Kayole si kimya ya Lavi. Kuna friji ya mtu, kuna redio mbali, kuna kanisa ya mabati wanajaribu spika tangu Alhamisi. Ukikata maneno kwa editi bila kuweka hiyo kimya chini yake, mtazamaji anaskia mashimo. Hajui ni nini, anajua tu kuna kitu imetoka.

Na zile sauti zenye hazikuingia, unazipika. Ngumi ya skiti zetu ni unga ya chapo imepigwa kwa meza. Mfupa kuvunjika ni shina la sukuma. Mvua, weka simu karibu na kikaango mandazi ikianza kuiva, funga macho uniambie kama hautatafuta mwavuli. Kama kuna mtu atasimulia, anaingia ndani ya kabati la nguo na simu, amezungukwa na makoti. Kuna tangazo moja ya chama ya akiba, sauti nzito ya kuaminika kabisa. Hiyo ni mimi, nimechutama kati ya suti ya harusi ya brathe yangu na blanketi.

Mwangaza? Wacha niwape ya haraka, juu hiyo kila mtu anafunza. Saa sita usitoe mtu nje. Jua iko utosini na macho zitakuwa mashimo mbili. Ikibidi, tandaza shuka nyeupe juu yake, wasee wawili washike pembe. Ile karatasi ya kung'aa ya kuwekea kioo ya gari dhidi ya jua inarudisha mwangaza kwa uso vizuri. Na ukishuti kwa duka ama saluni iko na zile taa ndefu nyeupe, kumbuka stima yetu ni ya 50Hz. Shata ikae 1/50 ama 1/100, la sivyo ukuta itakuwa inapumua. Taa za ndani ya nganya nazo, hizo sijawahi zishinda. Kila rangi inapepesa na mdundo wake. Nimeamua hiyo ni staili.

Kwa mambo ya kusonga na kamera, mkokoteni toa upepo kidogo kwa magurudumu, kaa juu, msukumaji atembee kama amebeba mayai. Gimbali ya elfu nyingi haitaleta kitu tofauti sana. Msukumaji umlipe kabla, na umlipe vizuri, juu hiyo saa angekuwa anabeba viazi.

Sasa doo. Hapa ndipo hii kazi hukaa tamu kwa watu wenye hawaifanyi. Klaenti anakupigia anataka "kavidio kadogo." Hiyo ka- ndio hatari. Kavidio kadogo kana mashangazi sita wa kuhojiwa, droni, na katoke kesho. Mimi siku hizi bila nusu kwa M-Pesa sitoki kwa kitanda. Na kwa hiyo nusu, naandika chini: marekebisho mbili, ya tatu unalipia. Kabla nianze hiyo nilikuwa na faili kwa lapi inaitwa mwisho, mwisho kabisa, mwisho kabisa haki, na mwisho mama ya bi harusi. Kuna jamaa wa ngoma alinichapia atanilipa na jina, ati nitajulikana. Nikampa namba ya landilodi waelewane.

Serikali pia iko ndani. Kushuti filamu ya kuonyesha watu, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya inataka laiseni, na hiyo sheria ni ya enzi za mkoloni akifunga mizigo. Droni inataka vibali vyake, tangu kanuni za 2020. Ukianza kulipwa na mitandao, tangu Sheria ya Fedha ya 2023 kuna 5% ya kodi inakatwa. Walikuwa wamependekeza 15%, wasee wakapiga nduru. Mimi sipingi kulipa. Mimi napinga kusimamishwa Tao na wasee wawili wasio na kitambulisho, wanaangalia tripodi kama bazuka, wanataka tu "tuongee pale kando." Siku hizi Tao nashuti na simu na fimbo ya kujipiga picha. Tripodi ndio huwaita.

Ukijumlisha yote, mwezi mzuri nalipa keja, stima na lapi haijadai kitu. Mwezi mbaya nabebea wengine mifuko, na sioni aibu. Huyo manzi wa sauti yeye ndio siku hizi anaitwa na makampuni, analipwa kuliko mimi, na bado Jumamosi anakuja Kayole kusikiliza posho mill na sisi. Nilimuuliza juu ya nini. Akasema huko kwa studio wameziba kila ukuta, hakuna kitu ya kusikiza.

Mwaka uliopita namba sijaisevu ikanipigia. Alikuwa mtoi wa yule guka wa Murang'a, dere wa lori, Mombasa Road kuenda na kurudi. Guka mwenyewe alifuata shosho mwaka mmoja baadaye. Nilianza kuomba msamaha kabla hajamaliza salamu, nikajua tu ni ile giza. Akanikatiza. Flashi yenye nilikuwa nimewapa imepotea, na alitaka ile pande ya mzee, kutoka kwa soko ya kabichi hadi mwisho.

Nikamwambia sasa niko na vifaa poa, na kama wako na picha zingine za shosho wanitumie, naweza jaza ile pahali ilikuwa nyeusi, bila malipo.

Akasema niwache tu vile iko. Redio ya lori haina skrini.